Kuizunguka Mombasa kwa Baiskeli ya Umeme, Kuanzia Mahamri hadi Mvinyo

Anayetaka kuizunguka Mombasa kwa baiskeli ya umeme na apange safari yake kwa kufuata jua na tumbo kuliko ramani. Mji wa Kale utembelewe asubuhi kabla jua halijapanda, adhuhuri iachiwe kivuli, na pwani ya Mama Ngina isubiri alasiri.

Kabla ya kuondoka, hakikisha betri imejaa na breki zinashika barabara, kwani baiskeli hii ni nzito kuliko ya kawaida na huchelewa kusimama. Beba kufuli imara. Shika kushoto, na usitarajie matatu wala tuktuk kukupisha.

Baada ya kufungua kinywa kwa mahamri na mbaazi za nazi, nenda Ngome ya Yesu, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Baiskeli iegeshe kivulini, kwa kuwa joto kali huichakaza betri. Ukitoka hapo, ingia barabara ya Ndia Kuu ukiwa umezima mota, na vichochoro vya pembeni uvipite ukiikokota baiskeli, kwa sababu mota hii haina kishindo, na mtoto anayechomoka mlangoni au hamali aliyeinamia mkokoteni wake hatakusikia ukija. Mwendo huo wa pole ndio utakaokupa nafasi ya kuitazama milango ya nakshi, roshani za mbao na Msikiti wa Mandhry, ulioasisiwa 1570. Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti, toa salamu kabla ya kuuliza njia, na uombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Ukikuta muuza kahawa chungu, keti. Kashata mbili zatosha.

Alasiri elekea Mama Ngina, ambako mota hupata kazi yake. Wakati wa kusi upepo wa bahari huwa mkali, basi tumia nguvu ya wastani, usije ukamaliza chaji ukiwa mbali na kwako. Pumzika chini ya mibuyu kwa madafu na mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. (Ukiulizwa pilipili iwe nyingi au kidogo, anza na kidogo.)

Mvinyo uje mwisho, baiskeli ikiwa imekwisha kurudishwa na kufungwa. Wakazi wengi wa Mji wa Kale ni Waislamu, hivyo usiutafute humo wala usiubebe. Nenda kwa teksi kwenye hoteli za Nyali, ng'ambo ya daraja, na urudi kwa teksi. Samaki wa kupaka hupatana na mvinyo mweupe uliopozwa, ingawa kwa maoni yangu maji ya ukwaju huushinda. Kesho yake ifute baiskeli kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, uikaushe, utie mnyororo mafuta, ndipo uichaji betri.