SOMO: Kupata usingizi wa usiku ukiwa unasafishwa damu

Wanajamvi, salaam. Wiki hii watu watano wameniuliza inboksi jambo lilelile: "Tangu nianze mashine silali usiku, nifanyeje?" Naandika mara moja, mtumiane. Mimi ni mgonjwa wa figo, si daktari. Nasafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, kwa muda wa saa 4 kila mara, zamu ya asubuhi.

1. Amka saa ileile kila siku, hata siku isiyo ya mashine.

2. Toka nje upate mwanga wa asubuhi. Wengi wetu homoni ya usiku, melatonini, haipandi vizuri giza likiingia, kwa hiyo mwili unahitaji kuonyeshwa mchana ni upi.

3. Chai na kahawa, mwisho saa nane mchana.

4. Usigeuze kiti cha mashine kuwa kitanda. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa natoka Mbagala saa kumi alfajiri, nikishachomwa sindano najifunika khanga usoni, nalala saa zote nne. Nikifika nyumbani navuta pazia, nalala tena mpaka magharibi. Saa nane usiku nimekodoa macho, nasikiliza feni. Miezi mitatu nzima naisingizia mashine! Siku hizi nakaa mgongo umeinuka, redio sikioni, vidole vya miguu navichezesha. Nyumbani nalala dakika 30 tu, simu ikilia natoka kibarazani. Usingizi ulirudi baada ya kama wiki tatu.

TAHADHARI: ukiwa kwenye mashine, usingizi wa ghafla wenye miayo, jasho na kichefuchefu usiupuuze. Huenda presha inashuka. Mwite nesi hapohapo.

5. Usilalie mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili ichomwe sindano za mashine.

MASWALI

Kipanga: Mkuu, nimepitia juu juu. Taja dawa ya usingizi tu.
Jibu: Sitaji. Figo zikishindwa, dawa nyingi hukaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida. Muulize daktari wako, kisha usome somo lote.

Mama Zuu: Pole kaka, na asante. Mume wangu akijilaza tu, miguu inamtambaa kwa ndani mpaka ainuke atembee. Nampa Piriton alale.
Jibu: Dada yangu, umeeleza vizuri sana. Miguu hiyo isiyotulia inatupata wengi, na Piriton inaweza kuizidisha. Kliniki waambie maneno hayohayo, waulize na kipimo cha madini ya chuma. Jioni mkande vigimbi.

Mdadisi: Kwa nini usingizi unakuja tukiwa kwenye mashine?
Jibu: Swali zuri. Ukiwa kwenye mashine, joto la mwili huwa linapanda. Inadhaniwa mwili ukianza kujipoza ndipo usingizi unapokuja, kama unavyokuja usiku. Ndiyo maana wapo madaktari wanaoshusha kidogo joto la maji ya mashine, tuseme kutoka nyuzi 37 hadi 36, na utafiti mdogo uliofanywa ulionyesha wagonjwa wakilala vizuri zaidi usiku. Muulize wako. Wengine hutetemeka kwa baridi, beba shuka.

Kipanga: Mimi kinachoniamsha ni kiu.
Jibu: Umekula nini jioni? Mihogo ya kukaanga na chumvi ya pilipili? Anzia hapo. Usiku sukutua, uteme.

Mama Zuu: Wangu ananyonya barafu.
Jibu: Sawa, ila ihesabuni kwenye kiasi cha maji alichoruhusiwa kwa siku.

Mama Zuu: Tunagandisha maji ya kujaza kikombe kimoja kidogo, kile cha kunywea kahawa, yakiisha basi mpaka asubuhi.
Jibu: Hiyo naanza leo.