Kuvuta bumba la nyuki wa porini: hatua ya nta ndiyo iliyonila misimu miwili

Mwezi uliopita mama mmoja jirani yetu, huku Manyoni, alinipigia simu. Mizinga yake sita iko juu tangu mwaka jana na yote mitupu, ilhali mbuyu ulio nyuma ya shamba lake una nyuki tele. "Mwanangu, hawa wa mbuyuni nitawahamishaje?"

Hawahami, mama. Kundi lenye malkia, majana (watoto wa nyuki) na asali yake pangoni halitoki kwa sababu umelitundikia nyumba karibu. Tunachongojea ni bumba. Kundi likijaa, malkia mzee huondoka na sehemu ya nyuki, wananing'inia tawini, na wapelelezi wao wanatafuta pa kuishi. Kwa hiyo usichome mbuyu wala usiupanue kwa shoka. Ule ndio kitalu chako, utakupa bumba mwaka baada ya mwaka.

1. Wahi msimu

Mizinga yangu huwa juu kabla Oktoba haijaisha, mvua na maua vikiwa bado. Ukiona nyuki dume wengi, na jioni nyuki wamening'inia kama ndevu kwenye mdomo wa pango, umeshaanza kuchelewa.

2. Mzinga

Natumia wa viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao vinavyopangwa juu ya mzinga, nyuki wakajenga masega chini yake. Mzinga wa gogo nyuki wanaupenda sana, lakini kuurina bila kuharibu majana ni kazi ngumu. Wa magome sitaki kuuona: mti uliobanduliwa gome kuuzunguka hufa.

Kiunzi kiwe na upana wa milimita 32. Mafundi hupenda kukata 35, kipimo kinachofaa nyuki wa Ulaya. Tofauti ya milimita 3, kwa viunzi kumi, ni sentimita 3, karibu kiunzi kizima. Masega yataanza kukatisha kutoka kiunzi hiki hadi kile, na hutaweza kuinua kimoja peke yake. Ndani usipake rangi wala vanishi.

3. Nta

Hapa tukae kidogo.

Msimu wangu wa kwanza nilinunua nta sokoni. Ilikuwa nyeupe, safi, bei nafuu. Ilikuwa imechanganywa na parafini ya mishumaa, na hakuna bumba lililoingia. Nta halisi inanukia asali hata ikiwa baridi, na ukiifinyanga mkononi inalainika bila kuacha utelezi wa mafuta. Isiyonukia, iache.

Msimu wa pili niliweka vipande vya masega yenye asali, nikidhani utamu utawaita. Uliwaita siafu, kisha nondo wa nta wakamaliza kilichobaki. Bumba halitafuti chakula, maana nyuki huondoka nyumbani wakiwa wameshiba asali. Linatafuta nyumba kavu, yenye giza, inayonukia kama nyuki waliwahi kuishi humo. Kwa hiyo asali usiweke, wala maji ya sukari.

Sasa nafanya hivi. Nachukua masega yaliyokwisha kukamuliwa, nayaosha, nayaweka kwenye kopo, na kopo naliweka ndani ya sufuria ya maji jikoni. Kamwe usiweke nta juu ya moto moja kwa moja, inawaka kama petroli. Huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi, kwa hiyo maji hayahitaji hata kuchemka.

Halafu kuchuja. Chuja kwa kitambaa cha pamba, kipande cha kanga kuukuu kinatosha. Usitumie chandarua! Vyandarua vingi vina dawa ya kuua wadudu, na nyuki ni mdudu. Nilipomuuliza yule mama alichujia nini, akanionyesha chandarua cha zamani cha watoto. Tulikwangua viunzi vyote vya mizinga sita, tukavisugua kwa maji ya moto na sabuni, tukavianika siku tatu, tukaanza upya kwa nta nyingine. Ilituchukua siku nzima, na sikutaka tuharakishe.

Nta ikiwa bado ya moto, mimina mstari mwembamba katikati ya kila kiunzi, kwa urefu wake. Mstari huo ndio unaowaelekeza wajenge wapi. Ikibaki, paka kuta za ndani na kuzunguka matundu ya kuingilia. Malizia kwa kusugua kuta kwa majani ya mchaichai yaliyopondwa: harufu yake inafanana na ile ambayo nyuki hutoa kuitana. Nairudia kila wiki mbili. Mafuta ya mchaichai ya dukani yanafanya kazi, ila majani ya uani ni bure.

4. Kutundika

Kivulini, mita 2 hadi 3 kutoka chini, kwa waya uliopakwa grisi dhidi ya siafu. Kata matawi yanayogusa mzinga. Ukining'inia huru, nyegere naye hupata shida. Mimi huutundika mita 200 au 300 kutoka mti wenye nyuki.

5. Kungoja

Wapelelezi huja wachache, wanazunguka kuta, wanaingia na kutoka bila chavua (unga wa maua) miguuni. Usifungue. Bumba likiingia, usifungue pia. Nyuki wetu ni wepesi kuhama wakisumbuliwa mapema. Subiri wiki tatu, uone chavua ikiingia kwa wingi, dalili kwamba kuna majana ya kulishwa. Nyuki wenye majana hawaondoki ovyo.

6. Kuhamishia manzuki (mahali pa kufugia nyuki)

Usiku, wote wakiwa ndani. Ziba matundu kwa wavu mwembamba wa waya, hewa ipite. Peleka zaidi ya kilomita 3, la sivyo wachumaji watarudi pale pale pa zamani. Ubebe taratibu, maana masega mapya hukatika kwa mtikisiko mdogo. Na pale ulipoutoa, tundika mwingine wenye nta wiki hiyo hiyo.