Namna ya Kufikisha Tatizo la Mtaa Mbele ya Bodi ya Kazi za Umma

Bodi ya kazi za umma ya mji huamua kwa kutazama kilichomo ndani ya jalada. Mkazi aliyechoka kuvuka dimbwi lile lile kila mvua inaponyesha anaweza kuzungumza kwa uchungu wa kweli mbele ya wajumbe, nao wakamsikiliza kwa heshima yote, lakini ikiwa hawakupewa mahali panapotambulika, maelezo ya kinachotokea na ombi lililo ndani ya mamlaka yao, hawatakuwa na jambo la kupigia kura. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuligeuza tatizo la mtaani kuwa shauri ambalo bodi inaweza kulitolea uamuzi.

Lijue jambo linalohitaji bodi

Muundo wa bodi hizi hutofautiana kati ya mji na mji. Los Angeles, kwa mfano, ina bodi ya wajumbe watano wanaoteuliwa na meya na kuthibitishwa na baraza la mji. Kwingineko bodi ni kamati ya madiwani, au kikundi cha maofisa wanaokutana mara moja moja. Kazi zake za msingi, hata hivyo, hufanana: kufungua zabuni na kuidhinisha mikataba ya ujenzi, kuruhusu barabara ifungwe au ichimbwe, kupitisha malipo ya wakandarasi, kuamua matumizi ya hifadhi ya barabara, na kusikiliza malalamiko ambayo idara zilizo chini yake zimeshindwa kuyamaliza.

Shimo moja la barabarani au taa moja iliyozimika si jambo la bodi. Hilo ni la idara ya matengenezo, na miji mingi imeweka namba ya simu au ukurasa wa kupokelea taarifa za namna hiyo. Baltimore ilianza kutumia namba 311 mwaka 1996 ili taarifa zisizo za dharura zisiendelee kuisonga simu ya polisi, na miji mingine mingi ya Marekani ikafuata. Anza huko, hata kama una hakika kwamba hutajibiwa, kwa kuwa utapewa namba ya taarifa, na namba hiyo ndiyo itakayoonyesha baadaye kwamba mji ulijulishwa na ni lini ulijulishwa. Shauri huwa la bodi pale matengenezo yale yale yanaporudiwa bila kudumu, pale tatizo linapohitaji fedha zinazozidi uwezo wa kikosi cha matengenezo, au pale linapotokana na kibali ambacho bodi yenyewe ilikitoa.

Mtafute mwenye mali

Taarifa nyingi hupotea kwa sababu zimepelekwa kwa asiyehusika. Barabara inayopita katikati ya mji inaweza kuwa chini ya serikali kuu au ya jimbo, na bodi ya mji haina ruhusa ya kuigusa hata ikitaka. Mfuniko wa chemba uliozama unaweza kuwa wa mamlaka ya maji, kampuni ya simu au shirika la umeme. Usome, kwa kuwa mara nyingi jina au alama ya mwenyewe imechongwa juu yake. Nguzo za taa nazo kwa kawaida zimeandikwa namba, na fundi humfikia haraka zaidi mtu aliyetaja namba hiyo kuliko aliyeandika kuwa taa iko karibu na kona. Njia ya waenda kwa miguu ina utata wake: huko New York, tangu sheria ya mwaka 2003, mwenye jengo linalopakana na njia hiyo ndiye anayebeba dhima ya majeruhi kwa sehemu kubwa ya majengo, isipokuwa nyumba ndogo za familia moja hadi tatu ambazo mwenyewe anaishi ndani yake. Uliza sheria ya mji wako inasemaje kabla ya kuandika neno lolote la kulaumu.

Ushahidi unaoeleza chanzo

Hapa ndipo juhudi kubwa inapostahili kuwekwa. Watu wengi hupiga picha moja ya shimo kwa karibu, nayo haimwambii mhandisi lolote, kwani shimo bila mazingira yake linaweza kuwa la barabara yoyote. Piga picha ya mbali inayoonyesha jengo au makutano yanayotambulika, kisha ya karibu yenye rula au kipimo kingine kinachosomeka. Andika tarehe na saa, namba ya jengo lililo karibu zaidi, upande wa barabara, na umbali kwa hatua au mita kutoka kitu kisichohama. Epuka sura za watu na namba za magari, kwa kuwa nyaraka za bodi huwekwa wazi kwa umma.

Kisha chunguza maji. Shimo la lami huanza pale maji yanapopenya kwenye nyufa na kulilainisha tabaka la kokoto lililo chini. Magari yanapopita juu, lami iliyokosa mhimili huvunjika na vipande vyake hutawanyika. Katika nchi za baridi maji hayo huganda, hutanuka na kuzidisha ufa. Kwa hiyo kiraka kilichowekwa bila kushughulikia maji kitang'oka tena, na barabara ile ile itaendelea kula fedha za umma mwaka baada ya mwaka. Nenda mahali hapo mvua inaponyesha na utazame maji yanatoka wapi na yanaishia wapi: mtaro umeziba, kalvati ni jembamba, au barabara imezama katikati? Ukiona unyevu siku ya jua kali ambapo hapajanyesha kwa muda mrefu, liandike hilo kwa mkazo, kwa sababu huenda kuna bomba linalovuja chini, na shauri lote likahitaji kuanzia kwa mamlaka ya maji.

Angalia pia kama uharibifu unafuata mstari ulionyooka. Mstari wa namna hiyo kwa kawaida ni alama ya mahali palipochimbwa ili kupitisha bomba au waya, kisha udongo ukarudishwa bila kushindiliwa vizuri. Jambo hili lina uzito wa kipekee, kwa kuwa aliyechimba alikuwa na kibali, na kibali kwa kawaida humtaka airudishe barabara katika hali yake na kuwajibika kwa kipindi fulani ikizama. Ukiomba nakala ya kibali hicho, bodi inaweza kumwagiza mhusika arudie kazi kwa gharama yake mwenyewe.

Eleza tatizo kabla ya kudai tiba

Wakazi wanaoteswa na magari ya mwendo kasi karibu kila mara huomba matuta. Maumivu yao ni ya haki, na mtoto anayevuka kwenda shule anastahili ulinzi, lakini tuta ni kifaa cha kihandisi chenye vipimo na madhara yake. Tuta la mviringo lililofanyiwa utafiti Uingereza katika miaka ya 1970 lina urefu wa mita 3.7 kwa mwelekeo wa barabara na kimo cha milimita 100. Tuta fupi na la ghafla huumiza magari na kuwatesa wagonjwa walio ndani ya ambulensi, nalo likiwekwa vibaya huzuia maji kufika mtaroni. Kikosi cha zimamoto hupinga matuta kwenye njia zake kuu, na bodi hulisikiliza pingamizi hilo.

Badala ya kudai tuta, omba kasi ipimwe. Wahandisi hutumia kipimo cha kasi ambayo magari 85 kati ya 100 hayaizidi, na kipimo hicho kikiwa juu mno ya kikomo kilichowekwa, bodi hupata msingi wa kuchagua kati ya tuta, kupunguza upana wa barabara, kivuko kilichoinuliwa au kisiwa cha katikati. Ombi la kupimwa ni gumu kulikataa, na matokeo yake hubaki kwenye jalada hata wajumbe wakibadilika.

Kwa nini iwe kwa maandishi

Taarifa ya mdomo inaweza kusaidia, lakini taarifa iliyoandikwa hubadilisha wajibu wa kisheria. Huko New York, kwa kawaida mtu aliyeumia kwa sababu ya kasoro ya barabara hawezi kuudai mji fidia kama mji haukuwa umepewa taarifa ya maandishi kabla ya ajali na ukaachwa siku 15 za kurekebisha. Nchini Uingereza, kifungu cha 58 cha Sheria ya Barabara Kuu ya mwaka 1980 huipa mamlaka ya barabara utetezi ikiwa ilichukua uangalifu wa kutosha, na mahakama huangalia kama mamlaka ilijua, au ilipaswa kujua, hatari iliyokuwapo. Barua yako inaweza kumlinda mtu usiyemjua ambaye ataanguka mahali hapo mwezi ujao, na sababu hiyo peke yake inatosha kuiandika kwa makini, kuituma kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokelewa, na kutunza nakala.

Siku ya kikao

Omba mapema, kwa maandishi, suala lako liingizwe kwenye ajenda. Huko California, sheria ya mikutano ya wazi ya mwaka 1953 huitaka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla, na kwa ujumla bodi hairuhusiwi kuamua jambo lisilomo ndani yake. Maana yake ni kwamba ukisimama wakati wa maoni ya wananchi bila suala lako kuorodheshwa, utasikilizwa tu, na kilicho sahihi kuomba hapo ni kwamba liorodheshwe kikao kijacho.

Muda wa msemaji mara nyingi ni dakika mbili au tatu. Usiutumie kusimulia historia ya mtaa. Taja mahali, tatizo, ushahidi na ombi, kwa mfano hivi: "Mheshimiwa Mwenyekiti na waheshimiwa wajumbe, mbele ya shule iliyo kwenye makutano yaliyotajwa katika barua yetu, barabara imezama kwa mstari unaofuata bomba. Idara imeiziba mara tatu, na namba za taarifa hizo zimeambatanishwa. Tunaiomba bodi imwagize mhandisi akague uchimbaji huo na alete ripoti katika kikao kijacho." Wajumbe wakikuuliza jambo usilolijua, sema utalileta kwa maandishi.

Mkiwa wengi, gawaneni mambo ya kusema: anayetumia kiti cha magurudumu, mwenye duka, mzazi na dereva wa gari la taka kila mmoja huona upande wake wa barabara ile ile. Watafute pia wale watakaopoteza kitu, kama vile nafasi ya kuegesha magari, mzungumze nao kabla ya kikao. Mpinzani anayesikia habari kwa mara ya kwanza ukumbini anaweza kuahirisha shauri kwa miezi.

Baada ya uamuzi

Chukua muhtasari wa kikao na usome maneno yaliyopitishwa. "Suala limepokelewa" si uamuzi wa kutengeneza. Tafuta jina la ofisa au idara iliyoagizwa, tarehe ya kuleta ripoti na kifungu cha bajeti; kimoja kikikosekana, mwandikie katibu wa bodi ukiomba kijazwe. Ikiwa kazi imepelekwa kwenye zabuni, ujue kwamba itachukua muda mrefu, na kwamba mikataba ya ujenzi kwa kawaida huwa na kipindi ambacho mkandarasi huwajibika kwa kasoro zitakazojitokeza. Uliza kipindi hicho kinaisha lini. Kazi ikikamilika, pitia mahali pale mvua kubwa ya kwanza inaponyesha, tazama kama kingo za kiraka zimezibwa na kama maji yanafika mtaroni, na kasoro yoyote utakayoiona iripotiwe kwa namba ile ile ya shauri kabla ya mkandarasi kumaliza muda wake wa dhamana.