Kuizunguka Roma wakati wa joto: saa, tiketi, maji na miguu

Julai na Agosti, Roma hupita nyuzi 30 karibu kila mchana, na kuna siku joto hugonga 38. Mawe ya barabarani yanakurudishia joto usoni, na foleni nyingi ziko juani. Panga siku kwa kufuata jua kwanza, ramani baadaye. Mambo ya nje yamalize kabla ya saa tano asubuhi. Kuanzia saa sita hadi saa kumi uwe ndani ya jengo au kitandani, kisha utoke tena. Mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo jioni ya huko ni ndefu kuliko tunayoijua sisi wa karibu na ikweta. Itumie.

Jihadhari na saa zenyewe. Saa zilizotajwa hapa ni za Kiswahili, lakini tiketi itaandikwa 14:30, yaani saa nane na nusu mchana. Ukichanganya, umefika saa sita kabla au saa sita baadaye, na mlangoni hakuna wa kumlilia. Andika saa zote mbili kwenye kalenda ya simu siku unayokata tiketi.

Tiketi za kukata mapema ni tatu. Nyingine zinaweza kusubiri.

Ya kwanza ni Colosseum. Tovuti rasmi hufungua mauzo siku 30 kabla ya tarehe, na asubuhi za Agosti huisha haraka. Tiketi ya kawaida ni euro 18, hudumu saa 24, na ndani yake mna Foro Romano, magofu ya uwanja mkuu wa Roma ya kale, na kilima cha Palatino, kuingia mara moja. Ina jina lako, kwa hiyo beba pasipoti au kitambulisho. Jina likitofautiana na kitambulisho, unarudishwa. Begi kubwa na chupa ya kioo haviingii, na hakuna pa kuvihifadhi. Chukua nafasi ya mwanzo kabisa, saa mbili na nusu asubuhi, ukitoka nenda Foro moja kwa moja. Foro haina kivuli cha maana: ni uwanja wa mawe na vumbi, na ikifika saa tano utaitamani misonobari ya Palatino iliyo juu yake. Kwa hiyo Foro kwanza, Palatino mwisho.

Ya pili ni Makumbusho ya Vatikani. Karibu kila mtu huingia asubuhi, hasa vikundi vya watalii, na ukuta wa nje unajaa foleni. Ingia alasiri, baada ya saa tisa, vikundi vinapoanza kutoka. Kikanisa cha Sistina kina mtambo wa kiyoyozi uliofungwa mwaka 2014, lakini kumbi nyingi unazopita kabla ya kukifikia hazina. Ukumbi wa Ramani peke yake una urefu wa mita 120, na ukijaa watu unageuka tanuri. Kunywa maji kabla ya kuingia, kwa sababu ukishaingia mkondo wa watu unakusukuma mbele na kurudi nyuma ni vita. Jumapili pamefungwa, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, ambapo kuingia ni bure hadi mchana na msongamano wake ni wa kutisha. Afadhali ulipe siku nyingine. Pamefungwa pia tarehe 29 Juni, Sikukuu ya Mitume Petro na Paulo, na tarehe 15 Agosti, Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria.

Ya tatu ni Galleria Borghese, makumbusho ya sanaa. Wanaingiza watu kwa awamu za saa mbili, na bila nafasi iliyokatwa huingii. Jumatatu wamefunga. Ndani pana ubaridi, kwa hiyo ndiyo ya kuiweka katikati ya mchana.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro halina kiingilio, ila kuna ukaguzi wa mizigo na foleni yake inazunguka uwanja. Fika saa moja asubuhi milango inapofunguliwa, utapita kwa dakika chache. Epuka Jumatano asubuhi, siku ambayo Papa hukutana na waumini. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume pia. Kanga au mtandio mwepesi kwenye begi unatosha, na unafaa pia kukinga jua shingoni. Watu wengi hudhani mlango wa makumbusho na wa kanisa viko pamoja. Haviko: ni mwendo wa robo saa kuuzunguka ukuta, na kwenye jua la saa nane robo saa hiyo utaihesabu.

Usafiri una mtego mmoja mkubwa: katikati ya mji wa kale hapana metro. Kuchimba chini ya Roma ni kuchimbua magofu, ndiyo maana vituo ni vichache. Mstari B, wa buluu, unakupeleka Colosseo, kituo cha pili kutoka Termini, stesheni kuu ya treni. Mstari A, wa rangi ya chungwa, unakupeleka Spagna na Ottaviano, kituo cha Vatikani. Hekalu la kale la Pantheon, uwanja wa Piazza Navona na chemchemi ya Trevi unavifikia kwa miguu au kwa basi. Kati ya Trevi na Pantheon ni dakika kumi za mguu. Kungoja basi kwa safari hiyo ni kupoteza muda.

Tiketi moja ni euro 1.50 na inakaa dakika 100: mabasi na tramu utakavyo, lakini metro safari moja tu. Ya karatasi lazima uipige muhuri kwenye mashine iliyo ndani ya basi. Tiketi iliyolipiwa lakini haijapigwa muhuri ni sawa na kutokuwa nayo, na faini inazidi euro 50. Ukilipa kwa kugonga kadi ya benki, kila msafiri awe na kadi yake, na ugonge kila unapobadili gari. Mashine itajua bado uko ndani ya dakika zako. Kosa la kawaida ni kugonga kadi asubuhi halafu kugonga simu yenye kadi ileile mchana. Mashine inaviona kama vitu viwili tofauti na kukuanzishia tiketi mpya.

Basi likija, nyoosha mkono, la sivyo linaweza kukupita umesimama kituoni. Njia namba 64, kati ya Termini na Vatikani, inajulikana kwa wezi wa mifukoni: begi liwe kifuani, simu isikae mfuko wa nyuma.

Maji usinunue. Mji una visima vya chuma vya mitaani karibu 2,500, vinaitwa nasoni kwa sababu bomba lake limepinda kama pua. Vya kwanza viliwekwa mwaka 1874. Maji yanatiririka mchana na usiku, ni baridi na ni ya kunywa, isipokuwa palipoandikwa "non potabile". Usiiname kulamba bomba: liangalie kwa juu, pale lilipopinda, kuna kitundu kidogo. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole na maji yatarukia juu kupitia kitundu hicho, sawasawa na kinywa chako. Chupa ya nusu lita inatosha, mradi uijaze kila unapopita kisima na kuimaliza angalau kila saa moja ya kutembea.

Viatu viwe raba za soli nene. Njia za katikati zimetandikwa vijiwe vya mraba visivyolingana, na ndala zitakuumiza nyayo kabla ya adhuhuri. Ukichoka usikae kwenye Ngazi za Kihispania: tangu 2019 imepigwa marufuku na polisi wanatoza faini. Ingia kanisani badala yake. San Luigi dei Francesi, jirani na Pantheon, lina michoro mitatu ya mchoraji Caravaggio na kuingia ni bure, lakini kama makanisa mengi madogo hufungwa mchana, kwa hiyo lipitie asubuhi.

Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino, treni ya Leonardo Express inafika Termini kwa dakika 32. Treni ya FL1 ni ya bei nafuu zaidi, ila haifiki Termini. Inafaa kama unalala upande wa Trastevere au Ostiense. Gari usikodi. Katikati kuna maeneo yasiyoruhusu gari lisilo na kibali, yanalindwa kwa kamera, na faini itakufuata hadi nyumbani.

Jambo la mwisho ni mgomo, "sciopero", ambao mara nyingi huangukia Ijumaa na hutangazwa mapema. Siku hiyo usafiri wa mji huhakikishwa hadi saa mbili na nusu asubuhi, kisha saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Katikati hapo, weka vivutio unavyoweza kuvifikia kwa miguu kutoka unapolala.