Mwombe muuzaji picha ya mgongo wa upanga

Upanga wangu wa kwanza "wa kale" niliununua mtandaoni kwa picha mbili, zote za bapa. Maelezo yalisema ni kitara cha askari farasi wa Uingereza, mtindo wa 1796, kilichosahauliwa darini. Kilipofika nilikiweka kwenye mizani ya jikoni: kilo moja na gramu mia saba, wakati vya kweli huwa karibu na kilo moja tu. Nikakigeuza nikautazama mgongo, ule ukingo usio na makali. Unene uleule toka mpini hadi ncha. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tangu hapo, kabla ya kuuliza bei, naomba picha ya mgongo iliyopigwa kutoka juu, rula ikiwa kando. Silaha ya vita ilitakiwa iwe nyepesi mkononi, kwa hiyo mhunzi aliipunguza unene kidogo kidogo. Mgongo wa kitara cha aina ile huanza na milimita 8 au 9 hivi karibu na mpini, ukafika ncha na 2 au 3. Anayetengeneza mapambo ya ukutani hukata bamba la unene mmoja na kulinoa. Kulipunguza ni kazi, na mnunuzi haoni mgongo kwenye picha.

Kisha kutu. Iliyozeeka ina kahawia inayoelekea weusi, imeng'ang'ania chuma, na ukucha hauibandui. Ya rangi ya chungwa inayoacha unga kidoleni ni ya juzi. Wanaozeesha kwa tindikali hujisaliti kwa vishimo vilivyotapakaa sawasawa kila mahali. Kutu ya kweli ina upendeleo: hapa imekula, pale haikugusa, na hupenda kujificha chini ya kikinga mkono.

Kwa katana, upanga wa Kijapani, omba picha ya msuka, ile sehemu inayoingia ndani ya mpini. Mpini wake hushikiliwa na kigingi cha mianzi, na anayejua kazi hukitoa bila kuharibu kitu. Msuka wa kale huachwa na kutu yake nyeusi makusudi, maana ndiyo inayosimulia umri. Vuta picha karibu uone saini: kama msuka ni mweusi na mikato ya patasi inang'aa, imechongwa hivi karibuni. Ila saini nzee nayo si hakikisho. Wajapani wana neno kabisa, gimei, la saini ya uongo, na nyingine zilichongwa karne nyingi zilizopita kwenye panga nzuri tu. Kwa hiyo jina la Masamune, mhunzi mashuhuri wa panga wa Japani, kwenye tangazo mimi hunitia wasiwasi kuliko furaha. Omba pia video, upanga ukigeuzwa polepole chini ya taa. Ule mstari wa mawimbi kando ya makali, ukiwa umetokana na kuzimwa chuma majini, hubadilika na kumetameta kadiri mwanga unavyosogea. Uliochorwa kwa tindikali hubaki umepooza.

Vipande vya shaba vya mpini viangalie kwa vipovu na mishono ya kalibu. Skrubu ya bisibisi nyota haiwezi kuwa ya karne ya 18, kwani ilipata hataza miaka ya 1930. Na chapa ya "India" karibu na mpini, au doa lililosagwa mahali chapa ingekaa, ni dalili mbaya: sheria ya Marekani ya kutaka bidhaa za nje zitaje nchi zilikotoka ilianza kazi 1891.

Mipini mingi ya Ulaya haitoki, msuka umegongwa ukapanuka juu ya kirungu, kile kichwa cha mwisho wa mpini, basi usimsumbue mtu auvunje. Mgongo lakini kila mtu anaweza kuupiga picha. Mwezi uliopita nilimwomba mmoja mara tatu. Akanitumia bapa tena, safari hii kwa mwanga mzuri zaidi.