Somo: Kutafuta ukoo wako kwenye madaftari, Mtwara na Lindi

Anza kwa wazee, ofisi baadaye. Kwa kila marehemu uliza jina la utotoni, jina alilotoka nalo jandoni au unyagoni, jina la dini, na alikoishi kabla ya vijiji vya ujamaa. Daftari moja limeshika jina hili, jingine lile. Jina la pili nalo mara nyingi ni la baba, hivyo hubadilika kila kizazi. Ukilifuata hilo peke yake utapotea kwa babu tu. Na kwa kuwa Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua huhesabu ukoo kwa mama, andika kwanza ukoo wa bibi mzaa mama. Wajomba ndio wenye habari.

Mzee asiyejua mwaka muulize kwa matukio: Majimaji (1905), mradi wa karanga Nachingwea (kuanzia 1947), kimbunga cha Lindi (1952).

Kisha nenda kwenye daftari la ubatizo. Tafuta parokia mama, maana kigango (tawi la parokia) cha zamani huenda leo ni parokia lakini vitabu vimebaki kulekule. Waanglikana waanzie Masasi (misheni ilianza 1876), Wakatoliki Lukuledi, Nyangao au Ndanda (1906). Lukuledi na Nyangao zilichomwa wakati wa Majimaji, kwa hiyo usishangae ukikuta pengo. Mstari mmoja wa Kikatoliki hukupa wazazi, kijiji na msimamizi wa ubatizo, na pembeni huandikwa ndoa na parokia ilikofungwa. Usiache kusoma pembeni! Tahajia ya Wajerumani ni nyingine: Chikundi ni Tschikundi, Nyangao ni Njangao, Yusufu ni Jusufu.

Kwa Waislamu, hati ya ndoa inataja walii (msimamizi wa kumwozesha) wa bibi harusi, kwa kawaida baba au baba mdogo. Ila hazina kubwa kwa dini zote ni jalada la mirathi, Mahakama ya Mwanzo: ndani mna muhtasari wa kikao cha ukoo na warithi wote kwa majina. Omba kwa barua, ukitaja jina la marehemu na mwaka wa shauri.

RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, itakufaa kwa vizazi vya karibuni. Cheti kilichochukuliwa uzeeni mara nyingi kina tarehe ya kukadiria.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Parokiani wanasema babu hayumo.
Marahaba. Huenda alibatizwa mtu mzima, baada ya ukatekumeni (mafundisho ya kabla ya ubatizo). Tarehe ya ubatizo siyo ya kuzaliwa. Tafuteni kwa majina ya wazazi wake, na mwende mbele miaka ishirini.

Babu alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji.
Shika kijiji alichofikia kwanza upande huu, kisha watafute waliovuka naye. Ukishajua alitoka Mueda au Palma, ng'ambo utakuta maandishi ya Kireno; nenda na anayekisoma.

Wazee hawataki kusema bibi mkuu alitoka wapi.
Usiwabane. Masasi ilipoanza 1876 ilikaliwa na watu waliokombolewa utumwani, na kwenye familia nyingi jambo hilo bado linauma. Kaa na shangazi au bibi mmoja faraghani, umuulize kabila na jina tu. Akikuambia, usiliweke kwenye kundi la familia bila ruhusa yake.