Mita 80 kutoka wapi?

Kwa wanaorusha droni kupima mashamba ya milimani, kama Lushoto au Uluguru: ile namba ya kimo unayoandika kwenye programu kwa kawaida huhesabiwa kutoka pale droni iliporukia, si kutoka ardhi iliyo chini yake. Ukirushia bondeni kwa mita 80, kilima cha mbele kikawa juu yako kwa mita 50 na kina mikaratusi ya mita 25, umebakiwa na mita 5 tu. Upepo ukisukuma kidogo, kazi imekwisha. Ukiweza, rushia juu mlimani, na acha angalau mita 30 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote.

Kuiambia droni ifuate mwinuko wa ardhi kunasaidia, ila ujue inatumia ramani gani. Programu kadhaa hutegemea data za SRTM, yaani vipimo vya mwinuko wa ardhi vilivyochukuliwa kutoka angani Februari 2000. Mnara wa simu uliojengwa juzi haumo, sembuse nyaya zinazoushikilia. Hizo nyaya ndizo adui hasa: nyembamba, na vihisi vya droni mara nyingi havizioni. Nenda kwa miguu ukaangalie zimefungwa wapi chini, kisha ondoa eneo hilo lote kwenye njia. Tena droni, hasa ya mabawa, hugeuzia nje ya mpaka uliochora, kwa hiyo kagua na huko.

Kimo cha kurudi nyumbani, yaani kile droni inachotumia inaporudi yenyewe pale iliporukia, nacho kipandishe. Wengi hukiacha kilivyotoka dukani. Betri ikipungua, droni inakata moja kwa moja kuelekea mlimani.